Mikono ya Mama Muganga wa Materinite

Katika materinite ya Kalemie, wodi ya wazazi, akina mama walimjua mama muganga, muuguzi wao, kwa mlio wa maji kabla hawajamwona. Alinawa akitoka kitanda hiki, akanawa tena kabla ya kufika kingine, akisugua katikati ya vidole huku akitania, kisha akapita na mikono juu ikichuruzika, maana hakujifuta kwa kitenge cha mtu. Odile alimfuata kwa macho. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kitovu kilichooza, na huyu wa pili alikuwa hajathubutu kumpa jina.

Mama mkwe alipofika na mashua kutoka Zongwe, akinuka ndagaa, alinyoosha mikono moja kwa moja kumpokea mjukuu. Kwenye ncha ya kitenge alikuwa amefunga majivu ya kutia kitovuni. Odile alimvuta mtoto kifuani, asiweze kumkatalia. Mama muganga hakugomba. Alileta beseni na sabuni, akapiga magoti, akamnawisha mama mzee polepole, kidole kwa kidole, kama mgeni wa heshima kabla ya chakula.

"Na majivu yangu?" mzee aliuliza.

"Utaweka mu sombe, mama, majani yaive mbio. Kitovu kinapenda kukauka chenyewe."

Mzee alicheka mpaka majirani wa vitandani wakacheka naye.

Kitovu kilianguka Jumapili, kikavu, bila harufu. Mama muganga alipachungulia pale kilipotoka, akatabasamu.

"Sasa huyu njo nani, jina yake?"

"Bonaventure," Odile akasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima.