Jumapili Walipoangalia Mfuko Wangu

Admin, jina langu liache pembeni, hapa kambi ya Nakivale, Uganda, tunajuana wote. Niko na miaka ishirini na saba, Mukongomani wa Kivu Kusini, ninaishi na mama yangu na mtoto wangu. Nimechoka, ndugu zangu, ndiyo maana ninawaandikia.

Mwaka jana kampuni moja ya Mbarara ilitafuta watu wa kuuzisha taa za sola huku kambini. Nikafurahi. Nilifikiri mauzo ni kuvaa vizuri, kujua bidhaa yako na kuongea na watu kwa heshima. Hakuna aliyeniambia habari ya vumbi, wala ya "rudi kesho" unayoambiwa na mtu yuleyule mwezi mzima.

Kwenye mafunzo kule Nyamitanga, mkubwa wetu, Mnyankore mmoja mpole, alituambia: "Kastoma ya kwanza ni mtu anakujua. Wewe unasali wapi? Basi soko yako iko pale."

Kanisani kwetu kuna nafasi ya ushuhuda. Unasimama, unasema Mungu amekutendea nini, halafu mama mmoja anaanzisha wimbo na wote wanaimba. Nilisimama kushukuru kwa kupata kazi. Wakauliza kazi gani, nikatoa taa kwenye mfuko, nikaiwasha. Wiki ile niliuza zote. Mkubwa akanisifu mbele ya wenzangu: "Hiyo ushuhuda, fanya kila Jumapili." Nikafanya. Mara mtoto amesoma vizuri, mara tumemuona nyoka mlangoni kabla hajaingia. Yote yalikuwa kweli, lakini yote yaliishia kwenye taa.

Watu wakaanza kunikwepa. Nikifika bombani, mazungumzo yanakatika. Jirani yangu, tuliyekimbia vita naye njia moja, aliniambia wazi: "Dada, siku hizi nikikuona kwa mbali ninaanza kutafuta cha kukujibu." Iliniuma sana.

Sasa sikieni. Tulipokimbia, tulipoteana na kaka yangu mdogo. Tulishamlilia, tukamaliza matanga. Mwezi jana mfanyabiashara mmoja alitoka Kikagate, kule mpakani, na namba ya simu: kaka yuko hai, upande wa Tanzania. Nilimpigia, akaniita kwa jina la utotoni.

Jumapili iliyofuata nilisimama. Nikasema, "Bapendwa, niko na ushuhuda." Watu wakaangalia mfuko wangu. Nyuma mtu akacheka. Mzee wa kanisa akasema kwa upole, "Mama, leo tuko na mambo mingi. Ya biashara utayaongea inje, ibada ikiisha."

Nikakaa. Pembeni, mama yangu alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, anangojea wimbo. Njiani nikamwomba aseme yeye Jumapili ijayo. Akajibu, "Ushuhuda haulazimishwi, mwanangu. Tutangoja." Tangu siku ile hajamwambia mtu.

Na mkubwa anataka kunipandisha cheo, niende Bwizibwera kufundisha wauzaji wapya namna nilivyofanya kanisani. Nikikataa, sijui tutakula nini, maana msaada umepungua. Nikikubali, nitawafundisha kitu kilichonifunga mdomo mbele ya watu wangu.

Ninyi mnaonisoma, nipeni shauri. Niache kazi, ao nihame kanisa? Hapa hamnijui, na sina kitu cha kuwauzisha, basi acheni niseme: kaka yangu yuko hai.