Salamu niliyomkataza Espe

Leo nimeumbuliwa na salamu yangu mwenyewe.

Mnamkumbuka Espe, yule binti mkimbizi aliyetuma hadithi kwenye kundi letu hili la kujifunza kuandika? Ile ya yeye na mama yake walivyotua Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mtu wa kwanza kuwasemesha akawaambia "Mwakeye."

Nikamjibu mbele yenu wote: "Hicho siyo Kiswahili. Kajifunze lugha kwanza."

Mkacheka. Na mimi nikacheka.

Hakuandika tena.

Sasa asubuhi hii niko Gungu, hapa Kigoma, namsalimia bibi muuza dagaa: "Mwakeye, mama!"

Nyuma yangu nikasikia: "Shikamoo, mwalimu. Hicho siyo Kiswahili."

Espe!

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi Muha, salamu hiyo ya Kiha nimefundishwa na mama yangu, nikakosa pa kuangalia.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia airudishe hadithi, na neno lake libaki.

"Niliifuta, mwalimu. Niliona kweli sijui."

Na mimi kwenye kundi niliifuta siku ile ile.

Jamani, kama kuna aliyebaki nayo kwenye simu, anitumie.

Msirekebishe kitu.