Upenyo Aliouacha Susu

Jana jioni mama aliniuliza mabasi ya Kitui siku hizi yanaondokea wapi. Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, macho yake yakiwa dirishani, chai yake imekwisha poa. Nilimleta hapa mjini, mtaa wa Loresho, alipougua. Ana chumba chake na televisheni yake, na kule chini langoni yuko askari niliyemwagiza asimruhusu kutoka peke yake. Kwa usalama wake, bila shaka. Nilikuwa na jibu tayari, maana jibu la swali hilo nilijifunza nikiwa mtoto katika mtaa wa Kabiria. Keti basi, rafiki yangu, nikueleze lilikotoka.

Tuliishi kwenye ploti yenye vyumba vilivyotazamana, ua mwembamba katikati, na lango moja la mabati. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi, aliletwa kutoka Kitui miguu ilipoanza kumsumbua. Wiki ya kwanza tu alitoka kutafuta mahali pa kupanda mbaazi, akapotea, akapatikana Kawangware akibishana na mwenye kiwanja. Baba alinunua kufuli siku hiyo hiyo. Ufunguo akampa jirani aliyekaanga mandazi hapo langoni, na amri ikatoka: mtoto afunguliwe kwenda shule na kanisani, Susu afunguliwe kwenda kanisani. Basi.

Ukitaka kujua maisha ya kufungiwa yana harufu gani, ni mafuta ya mandazi yaliyotumika mara nyingi, na nguo mbichi zinazokataa kukauka. Likizo nzima tulikaa uani, mimi na Susu, tukichambua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye ungo. Alikuwa amepanda mbaazi zake kwenye mtungi wa plastiki uliokatwa, akausogeza kila jua liliposogea. Mchana jua lilikuja kidogo tu kisha likaondoka. Nililia mara nyingi, sitakuficha. Susu hakulia. Alihamisha mtungi.

Mlango wangu wa pekee ulikuwa Jumamosi. Mwalimu wetu wa sayansi aliwahi kusoma China, akarudi na chupa ya chai isiyomtoka mkononi na ngumi za Kichina, ambazo alitufundisha katika ukumbi wa shule kule Uthiru. Kwa kuwa yalikuwa mambo ya shule, jirani alinifungulia. Mwalimu hakupenda sana ngumi zenyewe. Alipenda majenerali wa kale wa China, na alitaka kuwatumia kila mahali, hata pasipofaa. Alituvusha barabara kuu ya Waiyaki Way kwa mbinu zao: usishindane na magari, subiri mama mwenye mzigo wa viazi, vuka kivulini mwake, maana hakuna dereva anayetaka kugombana naye. Mimi nilishinda foleni ya maji pale plotini kwa kuweka mtungi wangu wakati wa taarifa ya habari, adui wote wakiwa ndani.

Zoezi lililonikaa rohoni ni la duara. Mmoja alisimama katikati, sisi wengine tukamzingira. Mara ya kwanza tulifunga kila nafasi, tukiona tumeweza kweli, na kijana wa katikati akatupiga vibaya. Mwalimu alicheka, akasema mtu asiye na pa kutokea hupigana kama anayekufa, kwa hiyo ukimzingira adui lazima umwachie upenyo, na uupange vizuri ili aende unakotaka aende, akidhani amechagua mwenyewe. Jioni nilimsimulia Susu. Aliniambia nirudie, na ungo ukatulia mkononi mwake.

Kisha jirani wa mandazi alipita ukumbini kuuza, akachungulia dirishani, akaniona nikimwinamia mwenzangu. Ndiyo salamu ya ngumi zile. Unainama kwanza, ndipo upigwe. Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani, akamwambia baba mbele ya ploti nzima. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na tai yake ilikuwa bado shingoni.

"Mtoto wangu hatamwinamia mtu," alisema, akihakikisha kila mlango unasikia. "Jumamosi atakaa hapa. Nimesema mbele ya Mungu."

Nilihisi kuta zinanisogelea. Hata mama, aliyekuwa akiuza vitambaa duka la Mhindi mjini na kurudi hoi, hakuthubutu kumjibu. Usiku ule Susu alinivuta karibu.

"Baba yako amezingirwa," akanong'ona. "Amesema watu wakisikia. Hata akitaka kurudi, atapitia wapi?"

Akaniagiza neno la kumpelekea mwalimu. Nililibeba Jumatatu bila kulielewa.

Jumapili iliyofuata mwalimu alikuja plotini na chupa yake ya chai. Alisalimia kila mlango, majirani wakatoka kumtazama, kisha akasimama mbele ya baba kwa heshima zote. "Mzee, tuko na siku ya kupeana mikanda ya ngumi kwa watoto," alisema. "Na hatuwezi anza bila maombi. Tulikuwa tunauliza kama unaweza tufungulia."

Wewe mwenyewe unawajua wazee wetu wa kanisa. Taja harusi, mkutano wa wazazi, hata uzinduzi wa choo. Mzee akiombwa kufungua kwa maombi, hakatai. Baba alirekebisha tai. Alisema ataangalia nafasi yake, naye Jumamosi hakuwa na lolote la kufanya.

Siku ile baba aliomba. Aliombea shule, serikali, wagonjwa na madereva, nasi tulikuwa tumeshachuchumaa kwa mtindo wa mpanda farasi, mapaja yanatetemeka, hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya amina. Ilipofika, mwalimu alimgeukia, akainama. Na baba, kwa adabu tu, kabla hajajua anafanya nini, akainama pia.

Jirani wa mandazi aliona, akageuka kupanga ndoo yake. Hakuna aliyelitaja neno hilo kamwe, na Jumamosi zangu zikarudi. Nilikuwa na furaha ya kuruka.

Tulipokuwa tukirudi, Susu, aliyefunguliwa kuja nasi kwa kuwa yalikuwa maombi, alisimama kando ya barabara akitazama magari makubwa. Ndipo akauliza mabasi ya Kitui yanaondokea wapi.

"Upande ule mwingine wa mji, mama," baba akamjibu. "Tutaenda Disemba."

Alimpenda mama yake, hilo sina shaka nalo. Disemba ilikuja na karo, ikaja na mvua, ikaja na miguu iliyozidi kuvimba. Kufuli lilibaki langoni. Susu alikwenda Kitui mara moja tu baada ya siku ile, na sote tulimsindikiza, tukiimba nyimbo za msiba.

Ploti ile sasa ni ghorofa. Ukumbi ulibomolewa barabara ilipopanuliwa, na mwalimu nasikia amestaafu, anafuga kuku, bila shaka kwa mbinu za Kichina. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa cha maombi na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Jana ndipo nilipoona kwamba Susu alimpa baba njia ya kutokea, akanipa mimi yangu, na yake aliiuliza kwa sauti mbele yetu sote, barabarani, mchana kweupe. Imeniuma sana.

Mama alikuwa bado anasubiri jibu. Disemba ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nilishuka hadi langoni, nikamwambia askari kwamba mama akitaka kutoka, amfungulie, asiulize anakwenda wapi.

Niliporudi juu nilimkuta ameketi palepale dirishani, amekwisha vaa viatu.