Wingu Lililokausha Jabia

Baada ya baba kufariki, mama yangu aliniwekea sharti moja: atabaki kwake kisiwani Ndau maadamu jabia lake lina maji. Likikauka, atafunga nyumba aje kuishi nami mjini, Mkomani, kwenye maji ya bomba. Tangu alipotoka eda nilikuwa nikimbembeleza aje, naye kila nikipiga simu hunijibu kwamba maji yapo, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Jabia ni tangi lililochimbwa ardhini, na pembeni yake sakafu pana ya kukingia mvua. La kwetu alilijenga baba. Visima vya Ndau vina chumvi, kwa hiyo jabia ndilo uhai wa nyumba. Mvua ikikaribia, mwenye jabia hukomba maji ya mwisho yenye tope, akasugua kuta na kuzipaka chokaa, kwani maji mapya yakiingia juu ya machafu huharibika yote. Kazi hiyo haifanywi mapema. Hungojwa wingu la kuaminika.

Mwaka ule masika yalichelewa hadi watu wakasali sala ya kuomba mvua. Siku chache baadaye, alfajiri, wingu likatokea.

Mimi sikuliona. Niliona picha zake kwenye simu za walimu wenzangu, shuleni ninakofundisha jiografia: wingu jeupe, pana, linang'aa ilhali chini bado ni giza. Mmoja alisema ni dalili za Kiyama. Habari zikasema ni roketi iliyorushwa kutoka nchi ya mbali. Nikawaeleza kwa mbwembwe zangu zote kwamba roketi hutoa mvuke na chembe za masizi, na huko juu kwenye baridi mvuke huganda ukawa barafu, mwingine ukizishika zile chembe. Jua ambalo sisi hatujaliona huwa limeshafika kule, ndiyo maana linang'aa. Nilikuwa bado naeleza mama aliponipigia.

"Mwanangu, mvua i ndiani! Dua imepokewa. Jabia nimelisafisha, lang'ara."

Nyuma yake nilisikia majirani wakicheka na fagio likikwangua sakafu. Nikauliza maji ya zamani yako wapi.

"Mengine nimewapa mbuzi, mengine nimeyamwaya. Ya nini tena?"

Nilitoka nje ya chumba cha walimu. Nikamwambia lile si wingu la mvua, ni moshi wa roketi.

Akauliza, "Lakini ni mayi?"

"Ni maji, mama. Yameganda."

"Basi mbona hayashuki?"

Swali hilo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza. Nilimwambia hata wingu la mvua huanza kwa chembe, vumbi au chumvi ya bahari, mvuke ukaishika hadi tone likawa zito likaanguka. Lile la roketi liko juu mno na ni jembamba mno, upepo hulitawanya kabla ya kuwa tone. Nilisema na mengine mengi. Sikujua ninamweleza nani, kwa sababu yeye alikuwa ameacha kunisikiliza.

Majirani walimletea madumu ya maji, Mungu awalipe. Alitumia kwa kupikia na udhu tu, huku akitazama juu, na mbingu zikabaki kavu. Hakuna aliyemlazimisha kuondoka. Nilimwambia mwenyewe kwamba sharti lile tulisahau, nitamtafutia maji. Akanijibu kuwa ahadi ni ahadi, na kwamba haoni haya kwa majirani, bali kwa baba.

Akaja Mkomani na sanduku lake. Jambo nililolitaka miaka yote nililipata, na sikulifurahia hata kidogo. Alikaa chumbani, akifungua bomba kidogo kidogo kama mgeni, na kila wingu likipita aliniuliza ni la Mungu au ni la watu. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilikuwa nikitoka uani kutazama kwanza ndipo nijibu.

Mvua ilipokuja ilinyesha usiku kucha. Asubuhi jirani wa Ndau alipiga simu, sauti imejaa furaha: jabia la mama limejaa pomoni, na maji yake ni safi kuliko ya nyumba zote. Nikampa mama simu azungumze naye. Hakuipokea.

"Mama, tunaweza kurudi leo," nilimwambia. "Nitakupeleka mwenyewe."

Alikuwa ameshalala kwa ubavu, uso ukutani.

"Wambie wateke," alisema.