Jumatano Niliyoiandika Ubaoni

Kazi yangu kwenye karatasi ni kuazimisha vitabu na kuvirudisha rafuni. Lakini vitabu haviazimwi sana pale kwetu, na kitu ambacho watu hukisoma kweli ni ubao. Maktaba yetu ni chumba kimoja kirefu nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa kuelekea Ganda. Ubao umetundikwa nje, barazani, na mpita njia anaweza kuusoma bila kuvuka kizingiti. Wengi hawakivuki.

Kila Ijumaa asubuhi nafuta yote na kuandika upya kwa chaki. Kushoto ni kitabu cha wiki: kinahusu nini, na kwa nini nadhani mtu akisome. Kulia ni habari za mtaa. Mbuzi watachanjwa siku fulani. Maji yatakatika. Chifu ana baraza. Cheti cha kuzaliwa kimeokotwa stendi, mwenyewe aje achukue. Kuna maulidi, kuna harambee ya kanisa, kuna matanga. Watu huniletea vikaratasi, nami hunakili. Mwandiko wangu ni mzuri, na kwa muda mrefu nilijivunia hilo kupita kiasi.

Mama mmoja wa Ganda alikuwa akivuka kizingiti. Alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, Mgiriama, mjane, amepita miaka hamsini. Kusoma alijifunza ukubwani, baada ya kumzika mumewe, katika darasa la ngumbaru lililokuwa likifanyika kanisani kwao. Siku ya kwanza alipokuja alisimama mlangoni, akaniuliza kama vitabu vile ni vya kutazamwa tu au mtu anaruhusiwa kwenda navyo. Nilipomwambia ni vya kwenda navyo, aliingia, akavua malapa yake, akayaacha pembeni kama aliyeingia nyumbani kwa watu.

Tangu siku hiyo hakuna kitabu cha wiki kilichompita. Alikuwa akija Jumamosi, anakirudisha cha wiki iliyopita, anachukua kipya, na kabla ya kuondoka lazima anigombeze.

"Mwanangu, hiki ulichotusifia ubaoni, yule mume amekufa mapema mno. Aliyekiandika alichoka kumwandika, au vipi?"

"Labda alitaka tumlie, mama."

"Mimi sikumlia. Nilikasirika."

Mara nyingine alinirudishia kitabu cha kilimo akasema aliyekitunga hajawahi kushika jembe, mihogo haipandwi vile. Nilianza kuchagua vitabu kwa kumfikiria yeye. Nikiandika upande wa kushoto wa ubao, nilikuwa naandika barua kwa mtu mmoja. Mimi ni mtoto wa mji, nimezaliwa kwenye nyumba ya mawe na vitabu vya dini rafuni, nimesomeshwa tangu mdogo, na sikuwahi kukutana na mtu aliyesoma kwa njaa kama ile.

Kisha nikaanza kuona mambo. Aligonga fremu ya mlango kwa bega. Wiki nyingine aligonga meza. Aliponisomea kipande alichokipenda, aliruka mwanzo wa kila mstari, akawa hajui sentensi imetoka wapi, anarudi, anatafuta kwa kidole. Nilimwambia aende akapimwe macho. Akasema macho ya mkulima yana vumbi, yataosheka na mvua.

Wiki ile ile ikaja barua. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye zahanati iliyo karibu nasi, siku moja tu, bure, wapime watu na kutoa dawa. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Ijumaa nikaandika habari ile juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaizungushia kisanduku. Jumamosi mama akaja. Nikamshika mkono, nikampeleka barazani, nikamsimamisha mbele ya ubao asome mwenyewe.

"Madaktari wa macho," akasoma, kidole hewani. "Zahanati. Jumatano, saa mbili asubuhi." Akanigeukia. "Haya, Jumatano nitakuja. Usinitazame hivyo, nimesema nitakuja."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilisikia neno Jumatano likisomwa kwa sauti na halikunigutusha.

Jumatatu alasiri aliingia muuza maji ya madafu, ambaye hupumzika kivulini kwetu, akasema zahanati imejaa watu hadi barabarani, madaktari wa macho wamekuja, ndio wanafunga sasa. Nilifungua mtoto wa meza, nikatoa barua. Jumatatu. Ilikuwa imepigwa chapa, wino mweusi, haina utata. Mimi ndiye niliyeiona Jumatatu nikaandika Jumatano.

Nilikwenda barazani nikaufuta ule mstari kwa kiganja. Nikampigia mama simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Ningeweza kupanda bodaboda hadi Ganda siku ile ile, si mbali. Nilijiambia kwamba hata nikienda, madaktari wameshaondoka, nitakuwa nimempelekea nini? Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikaa kitini hadi saa ya kufunga, nikaenda nyumbani, nikapika, nikala.

Jumatano asubuhi alikuja akiwa amevaa leso mpya, zile anazovaa kwenda kanisani. Alikuwa ameshapita zahanati.

"Nimewakuta wanafagia," akasema. "Wananiambia ilikuwa juzi. Nimesoma vibaya?"

Pale nilipewa nafasi ya kusema kweli, tena kwa swali la wazi. Alikuwa tayari kuamini kwamba kosa ni la macho yake. Nikafungua kinywa, na nilichokisema ni hiki:

"Hukusoma vibaya, mama. Walibadilisha siku. Hawakutuarifu."

Akaguna. "Watu wakubwa hao. Siku za watu wengine kwao si kitu." Akakaa benchini, akaomba maji, akanywa. Kisha akaniuliza kitabu cha wiki ni kipi.

Sijui ni wangapi wengine walioamini ubao wangu wiki ile. Hakuna mwingine aliyekuja kuniuliza.

Nilimsihi aende hospitali kubwa mjini. Alikwenda. Akaambiwa mtaalamu wa macho huja siku moja kwa wiki, na siku hiyo imepita. Akarudi wiki iliyofuata, akakuta mtaalamu ameitwa mkutanoni. Kisha masika ikaanza, na mvua ya kwanza ikinyesha hakuna mkulima anayekwenda kukaa foleni. Alipanda. Akapalilia. Jumamosi mbili akaja, ya tatu hakuja, na kwenye simu akaniambia njia imekuwa nyembamba, anaiona katikati tu, pembeni kuna kiza.

Mvua zilipokwisha nilimchukua mwenyewe hadi hospitali ya Kilifi. Alikuja na mkaza mwana wake, mwanamke mpole aliyemshika kiwiko muda wote. Tulingoja tangu asubuhi. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo kabla ya kumpima. Alimpima kwa mashine mbili tofauti, akaandika, akapima tena.

"Si mtoto wa jicho," akasema. "Ingekuwa mtoto wa jicho tungemtoa, mama ungeona tena. Hii ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Nitakupa dawa ya matone tujaribu kulinda kilichobaki."

"Kimebaki kiasi gani?" mama akauliza.

"Kidogo, mama."

Walipotangulia kwenye dirisha la dawa, mimi nilirudi chumbani. Nikamwuliza daktari: kama angeanza dawa kabla ya mvua, miezi mitano nyuma, ingekuwaje? Alinitazama kidogo. Sijui aliona nini usoni mwangu.

"Siwezi kusema kwa hakika," akajibu. "Presha yake iko juu sana, imekula haraka. Miezi mitano ni mingi kwa jicho kama hilo. Labda angebaki na uwezo wa kusoma. Labda."

Kilichobaki hakikudumu. Kufikia vuli alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi.

Nikaanza kwenda kwake Ganda kila Jumamosi baada ya kufunga maktaba. Niliwaambia watu wa nyumbani kwake ni huduma mpya, kuwapelekea vitabu wasioweza kuja. Hakukuwa na huduma yoyote. Nilikuwa nakaa naye ukumbini mwa nyumba yake ya udongo, yeye juu ya mkeka, mimi kwenye kigoda, nikimsomea. Tulichukua riwaya nene ya mwanamke aliyeachwa na kurudi kwao kugombania shamba la baba yake. Mama aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono ikimenya korosho zilizochomwa, na bado alikuwa akigomba. "Hebu rudia hapo. Huyo kaka mtu ni mwongo, mbona dada haoni?" Mkaza mwana alikuwa akicheka kutoka jikoni. Kulikuwa na saa nzima ambazo niliweza kusahau.

Kisha akawa anasema kitu. Akimsimulia jirani aliyepita kuamkia, alikuwa akisema: "Ningekuwa naona mimi, lakini wale madaktari walibadilisha siku. Hawakutuarifu." Maneno yangu, vilevile nilivyoyatamka. Alikuwa ameyahifadhi kama alivyohifadhi mistari ya vitabu. Akawalaani madaktari ambao walikuja siku waliyoahidi, wakapima watu hadi jua likapinduka.

Nilivumilia miezi mitatu. Siku moja tulifika mahali ambapo yule dada riwayani anakwenda kwa mzee wa kijiji kuuliza hati ya shamba, nami nikashindwa kuendelea. Mama akadhani nimechoka.

"Pumzika, mwanangu. Kunywa maji."

"Mama, hawakubadilisha siku."

Korosho zikasimama mkononi.

"Barua ilisema Jumatatu. Mimi niliandika Jumatano. Nilikosea mimi. Na uliponiuliza, nilikudanganya."

Kuku walikuwa wakikwaruza nje, na mkaza mwana alikuwa ametoka kisimani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Uliijua lini?" hatimaye akauliza.

"Jumatatu ile ile. Alasiri."

"Kabla sijaja."

"Kabla hujaja, mama. Nisamehe."

"Kukosea kuandika," akasema polepole, "hata mimi nilikosea sana nikijifunza. Mwalimu alikuwa akinifutia. Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza, nimesoma vibaya? Ukanitazama, wakati huo bado nilikuwa nauona uso wako, ukaniambia walibadilisha. Na umekuja hapa miezi mitatu, unakula chakula changu, unanisomea waongo wa kitabuni, na neno hilo umelikalia."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Sasa mimi nifanye nini na hofu yako?"

Nilianza kulia, na hilo pia nilijua si haki, kumlilia mtu ambaye hawezi hata kunitazama. Alingoja nimalize. Akapapasa mkeka hadi akaupata mguu wa kigoda changu, akakigusa tu, kama anayehakikisha nilipo.

"Chukua kitabu chako," akasema. "Usije tena."

"Tumebakisha kurasa chache."

"Usije."

Nilipishana na mkaza mwana njiani, ndoo kichwani. Akaniuliza mbona mapema leo. Nikamwambia nina shughuli.

Jumamosi mbili baadaye nilipiga simu, akapokea mkaza mwana, akasema mama anasema amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia basi ningependa kumwachia kitabu, yeye amsomee. Akasema kwa aibu kwamba yeye kusoma hajui, anajua kuandika jina lake tu. Riwaya nikairudisha rafuni. Haijaazimwa.

Tangu hapo maktaba nayo imepungua. Saa za kufungua zimekatwa, tunafungua nusu siku. Vitabu vipya havijaja. Paa linavuja juu ya rafu ya watoto, na nimewasilisha ombi mara tatu. Habari za mtaa watu wanatumiana kwenye simu, zinawafikia kabla karatasi hazijanifikia mimi. Ijumaa bado naandika ubao. Naishika barua kwa mkono wa kushoto, naandika neno, natazama barua, naandika linalofuata. Nikimaliza nasoma yote kwa sauti mara mbili. Upande wa kulia hauna kosa hata moja tangu wakati ule. Upande wa kushoto sijui tena namwandikia nani. Kuna wiki narudia kitabu kile kile na hakuna anayegundua.

Mwezi uliopita nilipeleka mahindi mashineni kusagwa, na mama alikuwa pale. Alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, amekonda, leso imefungwa vizuri kichwani, mkaza mwana amesimama foleni. Mwanamke mwingine alikuwa akimweleza habari ya arusi ya Matsangoni, na mama alikuwa akigomba, anasema mahari ile ni ya kumdhalilisha msichana. Sauti yake ilikuwa ile ile.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilipaswa kumwamkia, hata mtu usiyemjua wa umri ule unamwamkia. Lakini nilijua nikitamka neno moja tu atanitambua. Mkaza mwana aliniona. Nikamtikisia kichwa asinitaje.

Unga wao ukatoka. Mkaza mwana akaubeba kichwani, akamshika mama kiwiko, wakaelekea njiani, mama akihesabu ngazi za mashine kwa sauti ya chini. Nilingoja wafike mbali ndipo nikauliza ni zamu ya nani.