Mboch wa TV

Jana kwa TV mboch wa kipindi, yule mfanyakazi wa nyumbani, alikuwa Mkamba tena, na watu wanacheka vile anaongea. Nilizima kwa hasira. Kwani Wakamba wote kazi yao ni kuosha vyombo vya watu?

Nikiwa mdogo hapa Kitengela, alasiri moja mimi na Mama tulienda kuona TV kwa jirani, Mama Brayo. Nyumba ilinukia mandazi. Mboch wa kwa TV alipofungua mdomo nilishangilia, "Mama, huyo anaongea kama wewe!" Nilidhani ni sifa.

Watu wakaangua kicheko. Mama Brayo akamwambia Mama, "Haya mboch, tuwekee chai basi!" Mama yangu, mwalimu wa nasari, akacheka nao.

Tangu hiyo siku, tukifika dukani, alikuwa ananinong'onezea vitu anavyotaka, halafu mimi ndiye naitisha.