Nilivyoizima Kompyuta ya Kiwanda cha Samaki

Shule niliishia darasa la saba, na sioni aibu kusema, maana siku kompyuta ya mfumo wa Unix ya kiwanda cha minofu kule Ilemela ilipozimika, wenye vyeti vyao walishaigusa wakaondoka. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa Igogo.

Aliyeniita alikuwa mhasibu, dada wa Kihaya aliyesoma hasa. Yeye ndiye aliyewashawishi wakubwa waachane na makaratasi. Sasa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kadi inayounganisha kompyuta na diski, na kumbukumbu zote za kiwanda zilikuwa humo kwenye diski.

"Fundi, hii isipoamka, mimi narudi Bukoba kupalilia migomba."

"Kaa chini, dada. Umempata mwenyewe."

Kadi mpya ilikuwa imeletwa kutoka Nairobi, lakini ya aina nyingine. Ilikuja na draiva yake kwenye disketi, yaani programu ndogo ya kuufundisha mfumo namna ya kuongea na kadi hiyo. Bila draiva, diski ipo, lakini kwa kompyuta haipo. Nikaichomeka kadi, nikawasha kwa disketi ya kuwashia, nikaingiza ile ya draiva ilipoombwa, nikajibu maswali kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Diski ikaonekana. Mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo. Dada akashika mdomo, akamtuma mzee wa stoo soda.

Soda zilipofika nikasema zisubiri kwanza, nazima.

"Unazima nini?" Dada alishasimama mbele ya swichi.

"Fundi," mzee wa stoo akasema, "ng'ombe kasimama, wewe unamlaza tena?"

"Mzee wangu, umeme wa hapa unaujua. Afadhali nizime mimi leo nikiwa hapa, kuliko ukatike kesho niko kwenye kivuko cha Busisi."

Dada akasogea shingo upande. Nikafunga mfumo kwa utaratibu wake, nikazima, nikawasha bila disketi. Ikaandika mistari michache, ikagoma. Diski haioni.

Dada aligeukia dirishani, akatazama ziwa.

Mimi sikutetereka. Niliona kosa lilipo: draiva iliingia kwenye mfumo ulioamshwa kwa disketi tu, ule wa ndani ya diski bado haukuijua kadi. Nikawasha tena kwa disketi, safari hii nikaipachika draiva kwenye mfumo wenyewe wa ndani, nikauamuru ujiunde upya. Kazi hiyo haina haraka. Mzee wa stoo akasinzia kwenye kiti.

Mistari ikaisha bila kosa. Nikanyoosha mkono.

"Toa mkono," dada akasema. "Nazima mwenyewe."

Akazima, akawasha. Diski ikaonekana, hakuna disketi ndani. Akazima tena, akawasha tena, midomo ikienda kama anasali, mpaka mzee akaamka akauliza kama tunaifundisha kompyuta kukonyeza.

Hapo ndipo dada alipocheka.

"Haya, fundi. Kunywa soda yako."

Ilishapata joto. Niliimaliza yote.